SOMO: Kupeleka muziki wa FLAC na DSD kwenye mashine ya nyumbani bila kuuharibu

Wakuu, salaam.

Swali la "faili langu la DSF halilii, nifanyeje?" nimelijibu inbox mpaka basi. Kuanzia leo atakayeniuliza nitamrushia uzi huu. Soma mpaka mwisho kwanza, ndipo uulize.

Somo linamhusu mwenye faili za FLAC (sauti iliyobanwa bila kupoteza kitu) za biti 24, au za DSD (mfumo wa sauti wa diski za SACD, faili zake huishia na .dsf au .dff), ambaye mashine yake inakataa baadhi: spika za waifai, ampli inayoingia mtandaoni, TV, au deki ya kusoma flashi.

Hatua ya 1. Jua mashine yako inapokea nini.
Usisome boksi. Boksi kazi yake ni kuuza. Fungua kitabu cha maelezo, nenda kwenye jedwali la mwishoni, angalia aina za faili, biti na kHz (sauti inapimwa mara elfu ngapi kwa sekunde) kwa KILA mlango. Ampli ile ile inaweza kukubali 192 kHz kwa USB, ikakomea 96 kwenye waya wa mwanga, na pungufu zaidi kwa waifai. Spika za Sonos za mfumo wa S2, kwa mfano, zinaishia biti 24 kwa 48 kHz. Ukizipa 96 zinakataa. Na kama unasikiliza kwa Bluetooth, somo hili halikuhusu. Hata LDAC, njia ya kubana sauti ya Bluetooth iliyo katika zile bora, inaishia kilobiti 990 kwa sekunde, wakati CD ya kawaida inahitaji 1,411. Chochote utakachotuma huko kitabanwa tu.

Hatua ya 2. Weka nakala ya faili za asili kwenye diski nyingine. Usiziguse tena.

Hatua ya 3. Sakinisha ffmpeg. Ni programu ya bure ya kugeuza faili za sauti kwa amri za kuandika, iko kwa Windows, Mac na Linux.

Hatua ya 4. Kama mashine inazikubali faili ulizonazo, usigeuze kitu. Ruka hadi hatua ya 7. Kama una WAV, AIFF au ALAC na unataka FLAC, amri ni hii, na hakuna kinachopotea:

`ffmpeg -i wimbo.wav wimbo.flac`

Hatua ya 5. Kushusha PCM (sauti ya kawaida ya dijitali, kama iliyomo kwenye WAV na FLAC). Mwenye faili la 192 na mashine ya 48 aongeze `-ar 48000` kabla ya jina la faili jipya. Inapowezekana baki kwenye ukoo mmoja: 192 na 96 zishuke hadi 48, 176.4 na 88.2 zishuke hadi 44.1. Biti 24 ziache kama zilivyo. Ukilazimika kwenda biti 16, usikate kavu, tumia:

`-af aresample=osf=s16:dither_method=triangular`

Hiyo inaongeza kelele ndogo mno ambayo inafunika makosa ya kukata biti. Bila hiyo, sehemu za kimya kabisa, kama mwisho wa wimbo unaofifia, zinaweza kutoa mkwaruzo.

Hatua ya 6. DSD kwenda FLAC. Hapa ndipo watu wanaungulia, na mimi niliungulia hapa hapa. Taratibu.

PCM inaandika sauti kwa namba za biti 16 au 24. DSD inatumia biti moja tu, lakini mara 2,822,400 kwa sekunde. Biti moja ina kelele nyingi, kwa hiyo mfumo unaisukuma kelele hiyo juu ya masafa ambayo sikio linasikia. Haijaondoka, imehamishwa ghorofa ya juu. Ukigeuza bila kuchuja, unahama nayo. Hutaisikia, lakini ampli na twita (spika ndogo za sauti nyembamba) zitafanya kazi ya kuicheza, na faili litakuwa kubwa bila sababu, maana FLAC haiwezi kuibana kelele. Ndiyo maana watu wanageuza kwenda 176.4, wanapata faili nono, wanafurahi. Sehemu kubwa ya unono huo ni takataka.

Tatizo la pili ni ukubwa wa sauti. Kiwango cha sifuri cha DSD kimepangwa dB 6 chini ya kilele cha PCM, kwa hiyo ukigeuza hivi hivi muziki unatoka mnyonge. Mitandaoni utaambiwa "ongeza dB 6, imeisha". USIONGEZE KIBUBUSA. Utaratibu wa SACD unaruhusu vilele kupanda hadi kama dB 3 juu ya ile sifuri. Albamu iliyorekodiwa kwa nguvu ukiipa 6, vilele vinakatwa, na kilichokatwa hakirudi hata ukipunguza sauti baadaye.

Pima kwanza, kila wimbo wa albamu:

`ffmpeg -i 01.dsf -af "lowpass=f=30000,aresample=88200,volumedetect" -f null -`

Mwishoni kabisa mwa maandishi utaona mstari kama `max_volume: -4.3 dB`. Kichujio kimewekwa mbele ya kipimo makusudi, kwa sababu ukipima na kelele yake utapata namba ya uongo. Tafuta wimbo wenye kilele cha juu kuliko zote kwenye albamu. Kama ni huo wa -4.3, basi ongeza 4, si zaidi, kwa nyimbo ZOTE:

`ffmpeg -i 01.dsf -af "lowpass=f=30000,volume=4dB,aresample=88200" -sample_fmt s32 -c:v copy 01.flac`

Hiyo `s32` isikutishe, faili linatoka biti 24. `-c:v copy` ni ya kubeba picha ya kava.

Onyo: usiupandishe kila wimbo hadi kilele chake. Wimbo wa taratibu utapiga kelele sawa na wa ngoma, na mpangilio wa albamu nzima umeuvunja.

Onyo la pili: faili likiwa la chaneli 5.1 na wewe una spika mbili, tafuta kwanza toleo la stereo la albamu hiyo hiyo. SACD nyingi za chaneli nyingi zina yote mawili. Kulazimisha `-ac 2` ni njia ya mwisho.

Ukimaliza, hakiki kwa programu ya flac (isakinishe nayo): `flac -t *.flac`. Kila faili la FLAC linabeba alama ya ukaguzi ya sauti iliyomo. Kama nakala imeharibika, amri hii itakwambia.

Hatua ya 7. Kutiririsha. Weka seva ya DLNA (programu inayotuma muziki kwa mashine kupitia mtandao wa nyumbani) kwenye kompyuta au kwenye diski ya mtandao. MiniDLNA ni nyepesi, MinimServer ni nzuri kwa mwenye albamu nyingi. Kisha kwenye mipangilio ya seva ZIMA ugeuzaji wa papo kwa papo. Vinginevyo seva itageuza inavyojua yenyewe, na kazi yote ya hatua ya 6 imekwenda na maji.

Tumia waya kama unaweza. Stereo ya biti 24 kwa 192 kHz ni megabiti 9.2 kwa sekunde kabla ya kubanwa, 96 kHz ni nusu yake. Si nyingi, lakini waifai inayopita kuta mbili itakukatia wimbo katikati.

Maswali karibuni.

---

kipaza_tupu: Mkuu asante kwa somo. Nina MP3 kama elfu hivi, nikizigeuza kuwa FLAC zitakuwa hi-res, yaani ubora unaozidi CD?

Mwandishi: Hapana. Kilichotupwa na MP3 hakirudi. Utapata mafaili makubwa yenye sauti ile ile.

kipaza_tupu: Lakini mbona programu inaandika 24/96?

Mwandishi: Kwa sababu uliiambia iandike hivyo.

jirani_wa_spika: Haifunguki kwangu, msaada tafadhali.

Mwandishi: Nini haifunguki? Faili gani, mashine gani, imeandika nini? Hatua ya 1 umeifanya?

jirani_wa_spika: Faili la muziki.

Mwandishi: Rudi hatua ya 1.

binti_wa_nyuzi: Samahani kaka, nimesoma yote. Nataka kuelewa, kwa nini 88.2 na siyo 96? Mashine yangu inakubali zote mbili.

Mwandishi: Swali zuri dada, na jibu lake si la kishabiki. ffmpeg ikifungua DSD ya kawaida inaipokea kama PCM ya 352.8 kHz, yaani 2,822,400 gawanya kwa 8. Kutoka 352.8 kwenda 88.2 ni kugawanya kwa 4 kamili, hesabu nyepesi. Kwenda 96 ni sehemu isiyo kamili, kompyuta inafanya kazi zaidi. Ila sitakudanganya: vigeuzi vya sasa vinafanya hesabu hiyo vizuri, na sidhani kuna sikio litakalotofautisha. Kama mashine yako inakubali 96 na inakataa 88.2 (zipo nyingi, hasa TV), nenda 96 bila wasiwasi. Cha kushikilia ni kichujio na kipimo cha kilele. Ukiviruka hivyo viwili ndipo unapoharibu.

binti_wa_nyuzi: Nimeelewa. Na nitajuaje kama faili la 96 nililonunua si CD iliyovimbishwa?

Mwandishi: Pakua Spek, ya bure, buruta faili ndani. Itakuchorea masafa kwa rangi. CD inaishia 22.05 kHz, kwa hiyo ukiona rangi imekatwa kama kwa rula hapo 22, na juu yake ni weusi mtupu hadi 48, shtuka. Ukiona imekatwa karibu na 16, hiyo huenda asili yake ni MP3 ya kilobiti 128. Tahadhari moja: rekodi za zamani za kanda, au maikrofoni za kawaida, zinaweza zisiwe na kitu huko juu na bado faili ni halali. Hizo rangi yake hufifia polepole, hazikatiki ghafla.

Mtaalamu_192: Unapotosha watu. Chini ya 192 si hi-res. Kama husikii tofauti ni vifaa vyako.

Mwandishi: 96 kHz inabeba masafa hadi 48 kHz. Sikio la kijana mzima linaishia kama 20. Nimeandika namna ya kugeuza, sijamkataza mtu kubaki na 192. Kama mashine yako inaipokea, hatua ya 4 inasema usigeuze. Umeifikia?

Mtaalamu_192: Sawa, ila DSD ichezwe DSD.

Mwandishi: Mwenye DAC (kifaa cha kugeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi) ya kuipokea, aicheze hivyo hivyo. Somo ni la asiyekuwa nayo.

fundi_flashi: Nyongeza kidogo wakuu, kwa wanaotumia flashi. Deki nyingi zinasoma FAT32 tu, na FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Mtu mwenye albamu nzima ya DFF kwenye faili moja anaweza kukwama hapo akadhani ni tatizo la sauti.

Mwandishi: Naam, asante fundi. Na hizo DFF zina jambo jingine: nyingi hazibebi majina ya nyimbo ndani yake kama DSF. Ukigeuza zitatoka bila tagi. Ziandike kwa Mp3tag baada ya kugeuza. Jina lake ni MP3 lakini FLAC inaziweza.

binti_wa_nyuzi: Kaka, na zile albamu ambazo nyimbo zinaungana bila kupumzika? Kwangu kunakuwa na kimya cha nusu sekunde kila wimbo ukiisha.

Mwandishi: Hiyo mara nyingi si faili, FLAC yenyewe inaungana vizuri. Kinachopaswa kufanyika ni mashine kuambiwa wimbo unaofuata kabla huu haujaisha, na si mashine zote za DLNA zinazokubali hilo. Kwenye programu ya simu unayoendeshea muziki tafuta mpangilio wa kucheza bila pengo, uwashe, ujaribu. Ikigoma, unganisha albamu iwe faili moja refu la FLAC lenye faili la cue (orodha ya wapi kila wimbo unaanza) pembeni, ila hakikisha kwanza seva yako inasoma cue. MinimServer inasoma.

jirani_wa_spika: Mkuu nimeangalia kitabu. Kimeandika FLAC 24/48 mwisho. Faili langu ni 24/96.

Mwandishi: Sasa tunaongea. Hatua ya 5, `-ar 48000`. Jaribu na wimbo mmoja kwanza, ukilia ndipo ugeuze folda nzima:

`for f in *.flac; do ffmpeg -i "$f" -ar 48000 -c:v copy "48_$f"; done`

Hiyo ni ya Mac na Linux. Kama uko Windows niambie nikuandikie yake.

jirani_wa_spika: Umelia! Niko Windows.

Mwandishi: Fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo, bandika hii:

`for %f in (*.flac) do ffmpeg -i "%f" -ar 48000 -c:v copy "48_%f"`