Namna ya Kusimulia Gharika kwa Watoto na Wakubwa Waliokaa Jamvi Moja

Masika yakishika huku Wete, Pemba, baada ya Isha hakuna pa kwenda. Bati linaunguruma, umeme unakwenda na kurudi, watoto wamesharudi kutoka chuo cha Qur'ani, na wakubwa wamekosa baraza kwa sababu imerowa. Hapo ndipo ninapotandika jamvi ukumbini na kusimulia kisa cha Nabii Nuhu na gharika. Nilianza skulini nilipokuwa nikifundisha. Siku hizi nawasimulia wajukuu, majirani, na yeyote aliyeingia kujikinga mvua.

Wengi huniuliza vipi mtoto wa miaka mitano na mzee wa miaka sabini wanakaa saa nzima kusikiliza kisa ambacho mwisho wake wote wanaujua. Jawabu langu ni kwamba hawakai mahali pamoja. Mtoto yumo ndani ya safina, anahesabu wanyama. Mkubwa amesimama ukingoni, anayatazama maji na waliobaki nje. Kazi yako msimulizi ni kuwaachia wote wawili nafasi zao bila ya kutunga visa viwili. Ninavyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Usianze na paukwa

Najua mkono unawasha. Sote tumekulia kwenye "Paukwa!" na "Pakawa!", na "Hadithi, hadithi!" na kuitikiwa "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Sasa sikiliza neno la katikati. Huwezi kuuita uongo uje halafu ukamtaja Mtume. Sungura na fisi ni ngano, Nuhu ni kisa, na watoto wa chuoni wanaijua tofauti hiyo kabla hawajajua kufunga vifungo. Anza kwa Bismillahi, nyamaza kidogo, kisha toa hesabu inayokamata masikio yote: alikaa na watu wake akiwalingania miaka elfu kasoro hamsini. Waache watoto waipige wenyewe. Mmoja atapiga kelele "Mia tisa na hamsini!" na hapo wote umeshawapata.

Jambo jengine la adabu ni kutomwigiza Nabii sauti wala kumfanyia sanamu. Maneno yake yaseme kwa kauli ya kusimulia tu. Wanyama, mvua na wale wakubwa waliokuwa wakimcheka waigize upendavyo.

Hatua ya 2: Vifaa

Beseni la maji nusu. Jagi jengine la maji pembeni. Kifuu kimoja kikavu, kisichotoboka. Kikombe kidogo cha kahawa, ukipindue katikati ya beseni kiwe mlima; usitie maji ya kukifunika bado. Na gao moja la karafuu kavu. Karafuu ina kichwa na ina kikonyo, kwa hiyo mtoto akiambiwa huyu ni ng'ombe, anamwona ng'ombe.

Hatua ya 3: Jenga chombo, wala usifanye haraka

Wasimulizi wengi huruka hapa ili wafike kwenye mvua. Makosa makubwa. Sisi ni watu wa pwani, na kwenye jamvi lako hakosekani mvuvi, au mtoto wa mvuvi, au mtu aliyewahi kuwatazama mafundi wa Nungwi wakichonga jahazi ufukweni. Wape chombo.

Laza mkuku kwanza, ule uti wa chini wa chombo. Simamisha mataruma, mbavu zake. Piga mbao. Kila ukitaja kitu, piga ngumi ya polepole kwenye jamvi, na watoto wapige nawe, ngo, ngo, ngo. Katikati ya kugonga, walete wanaopita njia: wakubwa wa kaumu wanamwona mzee anajenga merikebu nchi kavu, wanacheka. Watoto nao watacheka pamoja na wenye kucheka. Waache. Baadaye watakumbuka walicheka upande gani.

Mwaka mmoja nilijenga vizuri kabisa, nikawa naelekea kupakia, mara jirani yangu mmoja, mvuvi, akatoa sauti kutoka mlangoni: "Mwalimu, hujatia kalafati. Chombo kitakunywa maji hicho." Ukumbi mzima ukacheka, na tukakaa dakika tano nzima tukitia pamba kwenye nyufa na kupaka mafuta. Tangu siku hiyo kalafati naisahau makusudi. Lazima atatokea mtu wa kunikosoa, na akishakosoa, safina ni yake.

Kwa wakubwa ninatia jambo moja hapa, kwa ufupi. Suratul Qamar inaitaja safina kuwa ni ya mbao na *dusur*. Wafasiri wengi wamesema ni misumari, lakini katika kamusi za Kiarabu neno hilo limepewa pia maana ya kamba ya nyuzi za mtende inayofungia mbao. Mtu wa pwani yetu akisikia hivyo anaona mtepe: chombo cha mababu, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, tanga lake la mkeka. Mfano wake uliwekwa Beit al-Ajaib kule Mjini Unguja, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020.

Na wanawake waliozika makumbi kwenye tope la pwani, wakayafukua baada ya miezi, wakayaponda na kusokota kamba, wao nao wana habari yao. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mtaalamu Irving Finkel alisoma kibao cha udongo cha Babeli chenye umri wa karibu miaka 3,700, akayaeleza yaliyomo katika kitabu chake cha mwaka 2014. Kibao kinaeleza safina ya gharika kuwa ni ya duara, imesukwa kwa kamba ya nyuzi za mtende iliyozungushwa na kuzungushwa kama mtu anayesuka kawa, kisha ikapakwa lami. Nilipowaambia hivyo, bibi mmoja akaitazama mikono yake akauliza, "Kamba pima ngapi?" Nikamwambia nyingi mno, chombo kilikuwa kikubwa kama kiwanja. Akaguna. "Basi waliponda wanawake."

Hatua ya 4: Pakia

Kifuu majini. Kila mtoto achukue karafuu mbili, ataje mnyama, azitie. Dume na jike. Hatua hii inajiendesha yenyewe, usiiingilie. Jiandae kwa suala la samaki tu, maana Pemba halikosi kuulizwa. "Pweza aliingia?" Usijibu wewe. Waulize wenzake. Watabishana mpaka mmoja agundue kuwa pweza gharika kwake ni sikukuu.

Hatua ya 5: Leta maji, lakini wewe uwe ndani

Mvua haianzii juu. Qur'ani inasema alama ilikuwa tanuri kufoka maji. Isimulie sawasawa, kwa sababu ni picha kali kuliko mawingu yote. Mwambie mtoto afikirie tanuri la mkate wa mofa, pahala penye moto kuliko pote katika nyumba, na humo ndimo maji yanamotoka. Wanawake huacha kazi ya mikono wakisikia hapo.

Kisha mvua. Kidole kimoja kwenye kiganja, viwili, vitatu, halafu viganja vyote kwenye jamvi. Huku unamimina maji ya jagi beseni, polepole, na kifuu kinapanda.

Hapa nina kosa langu la kukusimulia. Usiku mmoja wa mvua kubwa nilisimulia nikiwa nje ya safina: mawimbi kama milima, nyumba zinazama, watu wanapiga kelele. Nilijiona fundi kweli kweli. Mtoto mmoja alikataa kulala siku tatu, kila bati likilia anamshika mama yake shingo. Mama yake alinijia asubuhi, na maneno aliyonipa nilikuwa nayastahiki.

Siku hizi maji yakishaanza ninaingia ndani na watoto. Nawaambia wanayoyasikia humo ndani: ng'ombe anatafuna, mbuzi kamkanyaga mwenzake, mbao zinalia kwii, mtu anapiga chafya, mvua iko juu ya paa na sisi tuko chini ya paa. Wakati huo huo mvua ya kweli iko juu ya bati na wao wako chini ya bati. Watoto wanasogeleana. Utamu wote wa gharika kwa mtoto uko hapo, kwamba maji ni mengi na yeye hayamfikii. Sina haja ya kuyapunguza maji, wala sina haja ya kuwafanya twiga wacheke kama kwenye vitabu vya rangi.

Hatua ya 6: Mwana aliyebaki nje

Kabla maji hayajafika juu ya kikombe, weka karafuu moja juu ya kikombe. Usiseme kitu. Watoto watauliza nani yule.

Ni mtoto wa Nuhu. Katika kitabu cha Mwanzo cha Wakristo, watoto wote watatu wa Nuhu wanaingia na wake zao. Katika Qur'ani, Surat Hud, yupo mmoja amejitenga. Baba yake anamwita: ewe mwanangu, panda pamoja nasi. Anajibu kuwa atakimbilia mlimani, mlima utamkinga na maji. Baba anamwambia leo hakuna wa kukinga. Kisha wimbi likaingia baina yao.

Hayo ndiyo maneno yote. Usiongeze hata moja. Mimina maji mpaka kikombe kifunikwe, na karafuu iondoke. Kisha nyamaza, uhesabu kumi moyoni.

Tazama jamvi lako wakati huo. Watoto wanaangalia beseni. Wakubwa hawaangalii beseni. Kila mmoja anaangalia pahala pake, na kila mmoja ana mtu wake aliyemwita akakataa kupanda: mtoto aliyekwenda Mjini hapigi simu, ndugu aliyechukuliwa na unga. Mzee mmoja alivunja kimya kwa methali, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Mwenzake akamjibu taratibu, "Huyu hakurejea, bwana." Hawakusema tena usiku ule.

Sehemu hii waalimu wenzangu huikata, wanasema nzito kwa watoto. Nami niliikata mwaka mmoja, nikaona wakubwa wameanza kuondoka mmoja mmoja baada ya wanyama kuingia. Na watoto wanaiweza. Msichana mmoja, hajafika miaka sita, alitia mkono majini, akaiokota ile karafuu, akaitia ndani ya kifuu pamoja na ng'ombe. Kaka yake akataka kumkemea. Nikamzuia yule kaka. Likikutokea, usimrekebishe mtoto na wala usimsifu. Nuhu mwenyewe alimwomba Mola wake kwa ajili ya mwanawe, na jawabu alilopewa limo katika sura hiyo hiyo, atalisoma akikua.

Hatua ya 7: Ndege na kutua

Ifanye fupi. Ardhi ikaamrishwa imeze maji yake, mbingu ikaamrishwa izuie, chombo kikatua Judi. Njiwa na jani la mzeituni hayumo katika Qur'ani, yumo katika Mwanzo; wakiwapo wageni wa Kikristo ninamtaja na kusema ametoka wapi. Kunguru yumo katika kisa cha Wababeli: alitumwa, akakuta chakula, hakurudi. Ukisimulia Mjini Unguja, hapo patachekwa sana. Kunguru wanamjua.

Hatua ya 8: Kahawa

Watoto waanze kusinzia, wakubwa wamiminiwe kahawa. Sasa ndiyo unatoa kisa ulichowawekea wakubwa. Mimi huwa na viwili.

Cha kwanza ni mwaka 1872. Aprili ya mwaka huo tufani iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na hiyo ni sababu moja karafuu ikawa yetu zaidi kuliko yao. Mwaka huo huo, London, mtu aitwaye George Smith, aliyejifunza kazi ya kuchonga sahani za kuchapia noti, alikuwa akisoma vipande vya udongo vilivyofukuliwa Ninawi, akakuta gharika, chombo, na ndege aliyerushwa. Inasimuliwa kuwa alifurahi mpaka akaanza kukimbia chumbani na kuvua nguo. Wazee hupenda hapo kwenye nguo. Kuna mmoja kila mwaka huuliza alivua mpaka wapi.

Cha pili ni kwa wanaosema gharika ni mambo ya mbali. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wamepata mifupa ya punda milia. Punda milia haogelei kutoka bara. Unguja ilikuwa imeungana na bara, bahari ikapanda ilipokwisha zama ya barafu, ikawa kisiwa. Pemba habari yake nyengine, mkondo wetu ni wa kina kirefu na tumetengana zamani zaidi. Hapo pataanza ubishi wa Unguja na Pemba, na wewe kazi yako imekwisha.

Hatua ya 9: Kufunga vitu

Beseni limwagie mgombani, usimwage mlangoni, watu watateleza. Kifuu kianike. Karafuu zilizorowa ziweke mbali na zile zilizokwisha kauka. Ukizichanganya zitaota ukungu, na mpimaji atakukatalia gunia zima kwa ajili ya ng'ombe wawili na mbuzi.