Jinsi ya kuilisha programu faili ukiiwasha kutoka kwenye kodi (code)

Wakuu, juzi hapa Area C, Dodoma nimekaa na dogo mmoja toka saa mbili asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, anamtengenezea mfanyabiashara wa alizeti wa Kibaigwa sistimu ya mauzo na bakapu inagoma kurudi kwenye databesi. Anatumia mysql, programu ya kuongea na hiyo databesi. Kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, akiandika mysql alizeti < mauzo.sql inaingia freshi, akiihamishia kwenye Python mysql inamwaga maelezo ya jinsi ya kuitumia halafu inajifunga. Aliandika hivi:

subprocess.run(["mysql", "alizeti", "<", "mauzo.sql"])

Sasa shika hapa, ndo penyewe. Ule mshale sio wa mysql, ni wa sheli, namaanisha ile inayosoma unachoandika kwenye terminali sio ya mafuta. Sheli ndo inauona mshale, inafungua faili, inaliunganisha na mlango wa kuingizia data (ndo huo unaitwa stdin), mysql inaamshwa haijui hata kama kulikuwa na mshale. Ukiita kwa listi kama hapo juu sheli haipo kabisa, kwa hiyo mysql inapokea "<" kama neno tu. Kazi ya sheli unaifanya mwenyewe:

with open("mauzo.sql", "rb") as faili:
    subprocess.run(["mysql", "alizeti"], stdin=faili, check=True)

Hiyo check=True usiiache, maana bila hiyo mysql ikifeli kodi inapita kimya na mwenye mali anaamini data zimerudi, na hizo ni hesabu za hela za watu.

Tukaweka, ikakubali, kuangalia databesi tupu! Kumbe dogo alikuwa anasoma kwanza mstari wa juu ahakikishe ni bakapu yenyewe, halafu anapasia faili lilelile. Python ukiiomba mstari mmoja inavuta kipande kizima cha faili kwenye bafa, yaani hifadhi yake ya muda, mysql inaanzia pale kilipoishia, na faili likiwa dogo haikuti kitu wala hailalamiki. Ukishasoma lifunge, ulifungue upya ndo ulipasie.

Wapo watakaokwambia weka shell=True, yaani Python iite sheli, uandike amri yote kama sentensi. Inafanya kazi kweli, ila jina la faili likitoka kwa mtumiaji akaandika mauzo.sql; rm -r data basi na hiyo rm, amri ya kufuta, inarun. Mi kwenye sistimu ya mteja siiweki.

Wa Java, kwenye ProcessBuilder, inayowasha programu nyingine, weka redirectInput(new File("mauzo.sql")) kabla ya start(), ipo tangu Java 7.