Ngiri Iliyorudi Baada ya Upasuaji: Namna ya Kuielewa na Kuitibu

Ngiri, yaani utumbo au kitu kingine cha ndani kutokeza kupitia tundu kwenye ukuta wa tumbo, ikirudi haifai kutibiwa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Ukuta wa tumbo umekwisha kukatwa na kushonwa, tabaka zake zimegandamana kwa makovu, na mara nyingi kuna wavu wa kuimarisha ukuta uliopandikizwa humo ndani. Kwa hiyo, kabla ya kupanga tarehe ya upasuaji wa pili, ni lazima ijulikane upasuaji wa kwanza ulishindwa kwa sababu gani.

Hata hivyo, dharura hutangulia yote. Uvimbe uliozoea kurudi ndani mtu anapolala, kisha ukagoma, ukawa mgumu na wenye maumivu makali, hasa pakiwapo kutapika, tumbo kujaa, kushindwa kutoa hewa au choo, homa, au ngozi ya juu yake kubadilika rangi, huashiria kwamba utumbo umenaswa na huenda damu haiufikii. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asile wala asinywe chochote, na mtu yeyote asijaribu kuusukuma uvimbe huo kwa nguvu.

Pasipo dharura, swali linalofuata ni kama kweli ngiri imerudi. Katika wiki za kwanza baada ya upasuaji, majimaji au damu huweza kukusanyika mahali palipokuwa na ngiri na kufanya uvimbe unaofanana nayo sana. Tofauti huonekana kwenye uchunguzi: daktari humsimamisha mgonjwa, huweka vidole juu ya kovu na kumwambia akohoe. Ngiri kwa kawaida husukuma vidole na kupungua mtu akilala chali, lakini mkusanyiko wa majimaji hubaki vile vile na mara nyingi hunyonywa na mwili wenyewe. Ipo pia hali ya ngiri ya paja, inayotokeza chini kidogo ya mkunjo wa kinena. Kwa wanawake hasa, kinachoitwa ngiri ya kinena iliyorudi huweza kuwa ngiri ya paja ambayo haikuonekana mara ya kwanza. Vidole vikishindwa kutoa jibu, altrasaundi inayofanywa huku mgonjwa akikaza tumbo husaidia, na kwa ngiri kubwa ya kwenye kovu, yaani iliyotokeza pale ukuta wa tumbo ulipowahi kupasuliwa, kipimo cha CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) huonyesha upana wa tundu na hali ya misuli.

Sababu za kurudi ni nyingi, na muda hutoa fununu. Ngiri inayorudi mapema mara nyingi huelekeza kwenye ufundi au jeraha: wavu mdogo usiofunika kingo za tundu vya kutosha, tundu la pili lililoachwa, nyuzi zilizovuta misuli kupita kiasi, au kidonda kilichoingia vijidudu. Inayorudi baada ya miaka mingi huelekeza zaidi kwenye udhaifu wa tishu zenyewe, uvutaji wa sigara, unene, kisukari, kikohozi cha muda mrefu, au kujikamua chooni kwa sababu ya choo kigumu au tezi dume iliyovimba. Mzigo mmoja mzito ulioinuliwa siku fulani hulaumiwa kuliko unavyostahili, na wagonjwa wengi hujilaumu bure. Wavu nao hupunguza tatizo bila kulimaliza: katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2000, ngiri za kwenye kovu zilizokuwa zikirekebishwa kwa mara ya kwanza zilirudi kwa asilimia 43 ya walioshonwa nyuzi tupu na asilimia 24 ya waliowekewa wavu, katika muda wa miaka 3.

Kwa sababu hiyo, karatasi yenye thamani kuliko zote ni ripoti ya upasuaji uliopita. Iombe hospitalini ulikopasuliwa, hata kama miaka imepita, na uangalie kama inataja aina ya ngiri, upana wa tundu, njia iliyotumika, aina na vipimo vya wavu, na tabaka ambamo uliwekwa. Daktari asiyeyajua haya hulazimika kuyagundua mgonjwa akiwa tayari mezani.

Kwa ngiri ya kinena, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 unashauri kupita njia ambayo haijaguswa. Aliyepasuliwa kwa mbele, yaani kwa kukatwa kinenani, hurekebishwa kwa nyuma, yaani kutokea upande wa ndani wa ukuta wa tumbo, kwa kawaida kwa upasuaji wa matundu madogo. Aliyepasuliwa kwa nyuma hufunguliwa kwa mbele. Kurudia kukata kwenye kovu lile lile huongeza hatari ya kujeruhi neva na mishipa inayopeleka damu kwenye korodani. Njia zote mbili zikishakwisha kutumika, tafuta daktari aliyebobea katika ngiri, maana hapo uzoefu ni muhimu sana. Mkanda wa tumbo huweza kupunguza usumbufu, lakini haufungi tundu. Kwa mwanamume mwenye ngiri ndogo ya kinena isiyosumbua, kusubiri chini ya uangalizi huweza kuwa uamuzi mzuri. Ngiri ya paja haisubiriwi hivyo.

Pasipo dharura, tumia muda uliopo kujiandaa: acha sigara angalau wiki 4 kabla, punguza uzito, rekebisha sukari, tibu kikohozi na choo kigumu. Kwa ngiri kubwa ya kwenye kovu, daktari anayeahirisha upasuaji mpaka haya yatimie anamtendea mgonjwa wema, ingawa wengi huona wanazungushwa.

Baada ya upasuaji, tembea mapema. Aliyerekebishwa kinena huweza kurudia shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Mwenye ngiri kubwa ya kwenye kovu hukatazwa kuinua vitu vizito kwa wiki kadhaa, na muda huo huamuliwa na aliyempasua. Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3 yasizoelewe: yanaweza kutokana na neva iliyobanwa au ngiri iliyorudi tena, na yanahitaji kuchunguzwa.