Kuvuna na Kusia Mbegu za Agapanthasi katika Bustani ya Nairobi

Agapanthasi, mmea wa kudumu wenye asili ya kusini mwa Afrika unaopandwa sana kando ya njia za kuingilia majumbani jijini Nairobi, kwa kawaida huongezwa kwa kung'oa fungu zima na kuligawa kwa jembe. Njia hiyo ni ya haraka, na anayehitaji mashina matano tu asijisumbue na nyingine. Lakini anayetaka kuzungushia kiwanja kizima hana budi kutumia mbegu, ambazo watunza bustani wengi huzitupa bila kujua kwa kukata mabua mara tu maua yanapopukutika.

Kwanza hakikisha kwamba mmea ni wenyewe. Majani ya agapanthasi ni marefu na membamba, nayo huota kwa fungu kutoka chini. Bua la maua husimama bila jani hata moja hadi kimo cha mita moja hivi, likibeba kileleni kichala cha mviringo chenye maua mengi ya samawati au meupe, kila moja likiwa na petali sita. Mmea unaowachanganya watu ni amarilisi, kwa sababu nao hutoa mbegu nyeusi zilizo bapa, ila bua lake lina uwazi ndani na hubeba maua machache makubwa, mara nyingi mekundu. Klivia nayo ina majani yanayofanana na haya, lakini matunda yake ni mekundu na yana nyama.

Kila ua la agapanthasi lililochavushwa huacha kidonge cha kijani chenye pande tatu. Kidonge hicho huchukua wiki kadhaa kukomaa: hugeuka njano, kisha hudhurungi, na hatimaye hupasuka kwa nyufa tatu kuanzia nchani. Kwa kuwa vidonge vya kichala kimoja havikomai pamoja, wakati mzuri wa kukata bua ni pale vichache vya kwanza vinapoanza kufunguka. Ukikata vyote vikiwa bado kijani utapata mbegu changa zisizoota, na ukichelewa upepo utakuwa umekutangulia. Vaa glavu, kwani utomvu wa mmea huu huwasha ngozi, na uwaweke watoto mbali. Tumbukiza kichala kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi, ufunge mdomo wake kwenye bua, kisha uutundike mahali pakavu penye hewa. Mfuko wa plastiki hutoa jasho na kuleta ukungu; na kwa vile mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017, ule wa khaki haukosekani dukani.

Vidonge vikishakauka, vikung'utie juu ya karatasi nyeupe. Hatua inayofuata ndiyo huamua mafanikio, nayo hurukwa mara nyingi. Mbegu ya agapanthasi ni nyeusi na nyembamba, yenye bawa kama utando upande mmoja. Upande wa pili, ikiwa mbegu ni nzima, una uvimbe mdogo unaosikika ukiisugua taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa kuwa humo ndimo kiini kilimo. Mbegu isiyo na uvimbe huo ni kapi tupu, hata kama ni nyeusi na inang'aa. Makapi yanaweza kuwa mengi kushinda mbegu zenyewe. Yapepete polepole, kisha uzichambue zilizobaki kwa mkono.

Mbegu hizi huota vizuri zaidi zikiwa mbichi, hivyo zisie mapema. Zikilazimika kusubiri, zikae ndani ya bahasha kavu kwenye friji. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa Embakasi na maeneo jirani haufai kitaluni kwa kuwa hutuamisha maji, na ule mwekundu wa Karen au Kabete hugandamana ukitumiwa peke yake. Changanya mboji iliyochekechwa na mchanga wa mto kwa viwango sawa, ujaze sinia lenye matundu, utawanye mbegu bila kuzibananisha, na uzifunike kwa tabaka lisilozidi nusu sentimita. Weka sinia chini ya kivuli chepesi, mahali ambapo mvua za Machi hadi Mei haziwezi kulifurika. Ni vyema kulitumbukiza ndani ya beseni lenye maji kidogo ili udongo unywe kutoka chini, kwa sababu maji ya juu huzihamisha mbegu.

Baada ya wiki tatu hadi sita hutokea jani moja jembamba linalofanana kabisa na nyasi, mara nyingi likiwa bado limebeba ganda jeusi la mbegu kwenye ncha. Mwonye anayekusaidia kupalilia. Miche ikianguka ghafla huku shina limenywea karibu na udongo, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Punguza maji mara moja na uongeze hewa. Miche ikifikisha majani mawili au matatu, ihamishie kwenye viriba na uitunze humo kwa takribani mwaka mmoja kabla ya kuipeleka bustanini, ikiachiana nafasi ya sentimita 40 hivi.

Maua ya kwanza huja baada ya miaka mitatu au zaidi. Kwa kuwa aina za agapanthasi huchavushana kwa urahisi, mbegu za mmea mweupe ulio karibu na wa samawati zinaweza kutoa rangi yoyote kati ya hizo. Anayetaka safu ya weupe mtupu aache miche ichanue kwanza ndani ya viriba vikubwa, ndipo achague ya kupanda mbele ya nyumba.