Kuipa swichi ya Cisco anwani ya IP kwa kuandika amri

Swichi hupitisha data hata bila anwani. Anwani ni ya kukuwezesha kuifikia ukiwa mbali: swichi iko juu ya ngazi za jumba la Mji wa Kale, nawe uko ofisini Moi Avenue. Hatua hizi ni za swichi za Catalyst zinazotumia IOS, mfumo endeshi wa Cisco.

Mara ya kwanza tumia kebo ya konsoli. Kwenye programu ya PuTTY chagua Serial, kasi 9600, biti za data 8, biti ya mwisho 1, pariti na udhibiti wa mtiririko vizimwe. Ukiona herufi zisizosomeka, kasi si sahihi. Kioo kikibaki kitupu, bonyeza Enter, kisha hakikisha namba ya COM, yaani poti ya kompyuta yako inayotumiwa na kebo. Hapa pwani mulika pia ndani ya poti kwa tochi: chumvi ya hewani hula pini. Swichi mpya ikikuuliza kama unataka usanidi wa mwanzo, jibu `no`.

Chagua anwani isiyo na mwenyewe, iliyo nje ya zile ambazo DHCP, huduma ya kugawa anwani kiotomatiki, inagawa. Amri zifuatazo huunda VLAN 99, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi, na kuupa anwani. Andika:

```
enable
configure terminal
vlan 99
exit
interface vlan 99
ip address 192.168.99.2 255.255.255.0
no shutdown
exit
ip default-gateway 192.168.99.1
end
show ip interface brief
```

Vlan99 isome `up` mara mbili, kwenye safu za Status na Protocol. Ikisoma `administratively down`, umesahau `no shutdown`. Neno la pili likiwa `down`, basi hakuna poti iliyo hai inayobeba VLAN 99; kagua kwa `show vlan brief` na `show interfaces trunk`. Hapa ndipo wengi hupoteza saa nzima wakibadilisha anwani, na anwani haina kosa.

Swichi ikijibu `ping` kutoka mtandao wake lakini tawi la Nyali halipati kitu, tazama lango, yaani kifaa cha kutokea kwenda mitandao mingine (hapa 192.168.99.1). Kwenye modeli zinazoelekeza data, `ip routing` ikiwashwa, `ip default-gateway` haifuatwi tena. Ingia tena `configure terminal`, weka amri hii, kisha `end`:

```
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 192.168.99.1
```

Hifadhi papo hapo:

```
copy running-config startup-config
```

Umeme ukikatika kabla ya amri hii, kazi yote imepotea.

Siku ukitaka kubadilisha anwani kupitia SSH (njia salama ya kuingia ukiwa mbali), jua kwamba muunganisho utakatika punde tu ukibonyeza Enter. Kwanza hifadhi yaliyopo, halafu andika `reload in 10`. Ukikosea, baada ya dakika 10 swichi itajiwasha upya na anwani ya zamani. Wakati huo watumiaji wote watakatika, kwa hiyo fanya jioni. Ukiingia kwa anwani mpya, andika `reload cancel`, ndipo uhifadhi. Na kama mtandao wenyewe unabadilika pamoja na lango, panda ngazi na kebo ya konsoli.