Pengo la kipato: jinsi ya kulipima mwaka hadi mwaka

Kabla ya kugusa kompyuta, soma madodoso ya miaka unayotaka kulinganisha. Kama swali lilibadilika, jibu nalo litabadilika hata maisha yakibaki yale yale. Kwa Tanzania ninatumia Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi, wa 2011/12 na wa 2017/18.

1. Chagua cha kupima. Mkulima hana hati ya mshahara, kwa hiyo huku kwetu tunapima matumizi. Debe la mahindi lililotoka shambani likaishia jikoni nalo lihesabiwe, kwa bei ya soko la pale pale. Niliwahi kuisahau safu hiyo: kaya za vijijini zikaonekana fukara kuliko zilivyo, na pengo likapanda kwa kosa langu. Tangu siku hiyo ndiyo safu ninayoikagua kwanza.

2. Safisha. Gawanya matumizi kwa idadi ya wanakaya, sawazisha bei za mjini na kijijini, kisha tumia uzito wa sampuli, yaani idadi ya kaya ambazo kila kaya iliyohojiwa inaziwakilisha.

3. Kokotoa Gini, namba moja inayoonyesha ukubwa wa pengo. Jaribu kwanza kwa mkono. Chukua watu watano, kuanzia wa chini: shilingi elfu 100, 200, 300, 400 na 1,000. Zidisha kila kiasi kwa nafasi yake, mara 1 hadi mara 5, ujumlishe: 8,000. Zidisha kwa 2, upate 16,000. Gawanya kwa 10,000 (watu 5 mara jumla yao, 2,000): 1.6. Toa 6/5 (watu 5 ongeza 1, gawanya kwa 5), yaani 1.2. Gini ni 0.4. Sifuri maana yake wote wako sawa.

4. Rudia kwa kila mwaka, kwa kanuni zile zile. Benki ya Dunia inaipa Tanzania 37.8 mwaka 2011 na 40.5 mwaka 2018, kwa kipimo cha 0 hadi 100. Usichanganye namba zake na ulizokokotoa mwenyewe kwenye mstari mmoja wa grafu.

5. Ongeza kipimo cha pili. Wale watano wakiongezewa maradufu, Gini inabaki 0.4, ilhali tofauti kati ya wa chini na wa juu imetoka elfu 900 hadi 1,800. Onyesha pia fungu la asilimia 10 ya juu dhidi ya asilimia 40 ya chini. Na hilo la juu lisome kwa tahadhari: mdadisi hukaribishwa ndani kwenye nyumba ya udongo, lakini kwenye geti la chuma mara nyingi huishia kwa mlinzi.