Kuuza pikipiki kubwa mwenyewe bila dalali

Kuuza kruza (pikipiki kubwa ndefu ya kukaa chini) kama Yamaha DragStar 400 sio sawa na kuuza Boxer. Boxer unaipaki kijiweni tu jioni ishapata mtu, hizi kubwa wateja wachache afu wengi wanaijua mashine kuliko wewe, kwahiyo usihangaike kuficha kitu.

Kabla ya picha tafuta kadi. Kama bado ina jina la aliyekuuzia wewe, mtafute huyo kwanza mkamalizane TRA. Cheki na deni la trafiki kwa namba yako ya MC, lipa.

Afu osha, piga picha mchana, pande zote, injini, kilomita, na ile mikwaruzo ya eksozi piga pia. Andika mwaka, kabureta ilisafishwa lini, tairi za lini (ubavuni kuna tarakimu nne, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019). DragStar tairi la nyuma linazungushwa na shafti sio cheni, hilo liandike kabisa linabeba bei. Helmeti ya ziada usiitangaze, mkija kung'ang'aniana laki moja ya mwisho unamuongezea mnapeana mkono.

Mtu akija usiiwashe kabla hajafika. Anayejua anagusa injini kwanza, akikuta ya moto anajua asubuhi inasumbua kuwaka. Kwenye kuitesti ndo watu wanalizwa: uone leseni yenye daraja A, hela yote uishike wewe, ndo utoe funguo. Kitambulisho peke yake sio dhamana jamani. Na mtu aliyezoea Boxer ukimpa chuma cha kilo 200 na ushee, kwenye mchanga anaenda nacho chini, so mkubaliane kabla akiiangusha analipa nani.

Malipo fanyieni benki. Meseji ya muamala usiiamini, angalia salio lako mwenyewe. Akisema nusu leo nusu mwisho wa mwezi, sawa, ila kadi na pikipiki vinabaki kwako mpaka amalize.

Mkataba wa mauziano ni kwa wakili, na mashahidi, nakala za NIDA, namba ya chesesi na ya injini, tarehe na saa mliyokabidhiana. Saa wengi wanaisahau. Afu nendeni TRA wote wawili mkahamishe umiliki, kuna ushuru wa stempu 1% na ada zingine, anayelipa mumuandike humo humo kwenye mkataba. Ile ya "nitabadilisha mwenyewe nikitulia" kataa, akigonga mtu kesho polisi wanaanza na mwenye jina kwenye kadi.